Supu ya Kopo kwa Mwenye Figo Dhaifu: Uzoefu Wangu

Ni mwaka wa pili sasa tangu nilipoambiwa hapa Moshi kwamba ugonjwa wangu wa figo umefika hatua ya tatu, na kwa kuwa kazi hunirudisha nyumbani usiku, nilizoea kununua supu ya kuku ya kopo kutoka Uingereza. Nimeitumia miezi mitatu, nami nawaandikia wenzangu wanaoiona dukani na kujiuliza kama inawafaa.

Kwa ladha sina lawama. Tatizo ni chumvi. Lebo inaonyesha gramu 0.6 za chumvi kwa kila gramu 100, nami kwa wiki kadhaa nilidhani hiyo ndiyo chumvi ya mlo mzima, ilhali kopo lina gramu 400 na nilikuwa nikilimaliza peke yangu. Hizo ni gramu 2.4, karibu nusu ya gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizifikishe kwa siku nzima. Siku moja nilipima kiasi hicho kwa chumvi ya jikoni, kikajaa takriban nusu ya kijiko cha chai. Nikakimimina kiganjani, nikaelewa kwa nini kila jioni soksi zilikuwa zikiniachia mfinyo juu ya vifundo vya miguu. Kuongeza maji hakusaidii, kwani ukimaliza bakuli chumvi ni ileile, na aliyepangiwa kiasi cha maji kwa siku anakuwa amekizidisha.

Nikahamia kopo lililoandikwa kuwa lina chumvi kidogo, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu zaidi. Nilipompelekea mtaalamu wa lishe kopo tupu kliniki, aliweka kidole kwenye maandishi madogo ya viambato: kloridi ya potasiamu, inayotiwa badala ya chumvi ya kawaida ili ladha isipotee. Figo zilizodhoofika hushindwa kuitoa potasiamu iliyozidi, nayo ikijaa kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. "Mama, hili si kopo lako," aliniambia, na alijua asemalo, kwa sababu potasiamu yangu ilikuwa tayari imepanda, nasi wa huku Kilimanjaro tumelelewa kwa mtori, ambao ndizi zake zina potasiamu ya kutosha. Akanionyesha pia fosfeti, yaani fosforasi inayotiwa kiwandani, ambayo mwili huifyonza kwa wepesi zaidi kuliko fosforasi iliyomo kiasili kwenye maharage.

Kopo la chumvi kidogo nimeliacha kabisa. Lile la kawaida nakula nusu, mara moja kwa wiki, siku ambayo sijala kingine chenye chumvi. Siku nyingine nategemea supu ya kuku ninayoipika Jumapili bila chumvi, kwa tangawizi na kitunguu saumu, nikaigandisha katika vikopo vidogo. Karoti huzikata nyembamba, nikazichemsha pembeni kwa maji mengi na kuyamwaga ili potasiamu ipungue. Ndimu naikamulia mezani, supu ikiwa imeshaipuliwa, na hapo ulimi hauidai chumvi.