Nimeng'oa kabureta ya FJ40 nikafunga EFI: uzoefu wangu

Kama unataka kugeuza injini ya zamani iwe EFI, yaani petroli inyunyizwe kwa mfumo wa umeme badala ya kabureta, ili ubane matumizi ya mafuta, hela yako ibaki mfukoni. Gari langu ni Land Cruiser FJ40 ya 1978, injini ya 2F, silinda sita, cc 4,230. Lilikuwa linakunywa kama ng'ombe wa mnadani, na bado linakunywa, limepunguza kidogo tu. Haliwi Vitz hata ulifungie nini. Kinachonifanya niseme hela imelipa ni mambo mawili: mlima na joto.

Wanaoijua 2F wanalijua tatizo lake. Manifoldi ya ekzosi iko upande uleule wa kabureta, tena chini yake kabisa. Ukizima injini ya moto, joto lote linapanda na petroli inachemka ndani ya bakuli la kabureta. Toyota wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana matoleo ya baadaye yaliwekewa kifeni cha kupooza kabureta. Mimi natumia sana njia ya Dar kwenda Iringa. Unasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, ukirudi unapiga stata, gari linanuka petroli na haliwaki. Likija kuwaka, mbele kuna mlima Kitonga na foleni ya malori. Huko juu nako hewa ni nyepesi: Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 15, ilhali jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, ni zilezile za Dar. Mafuta yanazidi hewa, gari linakosa nguvu, plagi ukizitoa ni nyeusi tititi.

Nilichofunga ni ule mfumo unaokaa palepale ilipokuwa kabureta, nozeli na kontroli boksi vikiwa humohumo ndani. Holley na FiTech wanatengeneza za namna hii, na wapo wengine. Kwa 2F unachukua ya matundu mawili, na lazima upate adapta ya kuikalisha kwenye manifoldi. Kule Marekani seti ni zaidi ya dola 1,000, hapo bado usafiri na ushuru.

Kuifunga juu ya injini si kazi. Kazi iko kwenye tangi. Pampu ya zamani inasukuma kwa presha ya paundi chache tu, EFI inataka karibu 58, kwa hiyo mipira ya kawaida sahau. Tafuta iliyoandikwa 30R9 ubavuni, na klempu zinazobana mduara wote bila kuikata. Tangi la umri huu lazima lina kutu. Letu lilishushwa, likasafishwa, pampu ikazamishwa ndani maana inapoozwa na petroli yenyewe, na pakawekwa mrija wa kurudisha mafuta. Ekzosi ikatobolewa, ikachomelewa nati ya sensa ya oksijeni.

Halafu umeme. Gari likiwa limesimama linanguruma taratibu, kwenye kioo kidogo cha mfumo mizunguko inasoma 700, mara 3,900, mara sifuri, na gari lina misi, yaani linakatakata. Fundi mmoja alitaka tubadilishe sensa zote! Kumbe waya za plagi ni za shaba tupu, zinarusha kelele za umeme, na waya wa kusoma mizunguko umepita kando ya koili. Tukaweka waya na plagi zenye ukinzani, ule waya ukahamishwa, namba ikatulia. Waya wa moto na wa hasi vya mfumo viende moja kwa moja kwenye betri; usiungeunge.

Sasa hivi asubuhi ya Julai Iringa naweka swichi, nasikia pampu ikivuma kidogo, nawasha, basi. Choki haipo. Petroli iliyo kwenye presha na inayozunguka kurudi tangini haichemki kirahisi, kwa hiyo nikishanunua vitunguu vyangu naondoka. Kitonga nikipata nafasi ya kupita lori, nakanyaga na gari linaitika. Zamani lilikuwa linasita kwanza, na pale hapafai kusitasita.

Ubaya wake ni huu: kabureta ikigoma, fundi yeyote wa Makambako anaifungua kwa bisibisi na kupuliza jeti. Pampu ya EFI ikifa, umelala hapo. Nabeba pampu ya akiba, rilei na fyuzi, na alteneta nimeweka yenye nguvu zaidi.

Kwa gari la kuzunguka Masaki na Mbezi tu, peleka kabureta ifanyiwe sevisi ya maana, inatosha. Na kama gasketi ya manifoldi inavuta hewa, anza na hiyo kabla hujaagiza chochote: sensa ya oksijeni itaona hewa imezidi, mfumo utamwaga petroli kufidia, na utailaumu EFI bure.