Soseji za Frankfurter na Wiener Mezani Kwangu

Nilinunua Frankfurter na Wiener kwenye bucha la mtaani kwetu hapa Frankfurt, pamoja na pakiti moja ya dukani, nikazipasha zote kwa dakika 8 katika maji ya moto yasiyochemka, kwani zikichemka hupasuka na utamu wake huishia majini. Frankfurter, ambayo ni nyama ya nguruwe tupu iliyojazwa katika utumbo mwembamba wa kondoo na kufukizwa moshi, ilizishinda nyingine kwa uzuri: ngozi ilikatika kwa mlio mkavu, mchuzi ukatoka, na harufu ya moshi ikabaki ulimini. Wiener, iliyochanganywa na nyama ya ng'ombe, ni laini zaidi, nayo watoto waliipenda. Ile ya pakiti ilikuwa chumvi tupu na ngozi yake kama mpira, sitainunua tena.