UPS ndogo ya ruta kwa mahojiano ya mtandaoni: uzoefu wangu

UPS hii, yaani betri ya akiba ya kulisha ruta, niliinunua Barabara ya Digo, Mombasa, kwa Sh3,200 kwa kazi moja tu: stima ikipotea katikati ya mahojiano na mwajiri wa ng'ambo, nisipotee nayo. Kazi hiyo inaiweza, ila masharti yake hayakuandikwa kwenye boksi.

Kama intaneti yako ni ya faiba, vya kulishwa ni viwili: ruta na kile kisanduku cha ukutani kinachopokea waya wa faiba. Wengi huchomeka ruta peke yake. Taa zinawaka, Wi-Fi inaonekana, mtandao hakuna. Yangu ilikuja na waya wa vichwa viwili, basi tundu moja la volti 12 linatosha.

Soma kibandiko chini ya kila kifaa kwanza. Cha volti 9 ukikitia kwenye tundu la volti 12 chaweza kuungua. Pima na kichwa cha waya: cha 5.5 kwa 2.5 mm (upana wa nje na wa tundu la ndani) huingia kwenye ruta yenye pini ya 2.1 mm lakini hulegea, ukiigusa meza tu ruta imezima.

Ile mAh 10,400, kipimo cha ukubwa wa betri, isikubabaishe. Imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri, yaani kama Wh (wati-saa) 38. Ondoa zinazopotea katika kupandisha volti. Vifaa viwili vikila wati 12, unapata kama saa mbili na nusu. Mahojiano ya saa moja yanakwisha na chenji inabaki.

Siku moja kabla, piga simu ya video kwa mwenzako kisha zima swichi ya ukutani. UPS nyingine hukatika kufumba na kufumbua, ruta ikajiwasha upya, na dakika mbili zimekwenda. Hii haikukatika. Fanya jaribio saa ile ile ya mahojiano: saa 4 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni huku, na kuanzia Novemba, wakirudisha saa nyuma, ni saa 12, sambamba na adhana ya Magharibi. Funga dirisha, zima feni, vumilia jasho.

Mitambo ya mtaani ya mtoa huduma ikizima, UPS haina la kufanya. Weka simu kando na bando la GB 2. Video ya 720p hula karibu GB 1 kwa saa. Na kwa joto letu, usiilaze UPS juu ya ruta wala kuifungia kabatini, betri ya lithiamu itachakaa upesi.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeinyima kwa kukosa taa ya kuonyesha chaji iliyobaki.