Sydney mkiwa wawili: feri ya Manly au kutembea Bondi mpaka Coogee?

Kama mna siku moja tu ya jua, mi nasema chukueni feri. Inatoka Circular Quay, kituo cha feri katikati ya jiji, kama nusu saa hivi mpaka Manly, mtaa wa ufukweni, unagusisha tu kadi ya benki getini unapita, na hiyo nusu saa yenyewe ndo utalii wenyewe. Kaeni nje upande wa kulia maana ikishaondoka tu Opera House, lile jumba maarufu la maonyesho, inapita hapo karibu kabisa, mnaona mpaka vigae vya paa lake, si vyeupe pee kama kwenye picha, vingine vina rangi ya krimu, na nyuma yenu lile daraja la Harbour Bridge la 1932 linazidi kuwa dogo. Mkifika pale bandari inapofungukia baharini mawimbi yanaanza kuitikisa meli, shikaneni mikono, raha sana aisee!

Kutembea kutoka ufukwe wa Bondi mpaka ufukwe wa Coogee ni bure, kilomita 6 hivi juu ya majabali, masaa mawili matatu kutegemea mnasimama mara ngapi. Ni pazuri, sibishi, pale Bronte, ufukwe mwingine njiani, kuna bwawa la kuogelea limejengwa ukingoni mwa bahari na mawimbi yanaingia humohumo. Ila ngazi ni nyingi na kivuli hakuna, Januari jua la kule linachoma kweli, mmoja akichoka safari inageuka ugomvi. Basi hiyo ianzeni asubuhi mapema, kofia na maji ya kutosha, na kama mmoja wenu ana shida ya magoti msiende, pandeni feri.