Medali ya ubingwa wa AFL: 23 wamevishwa, na waliobaki chini ya jukwaa je?

Kitu chenyewe ni kidogo: medali ya rangi ya dhahabu yenye utepe, inayovaliwa shingoni mwishoni mwa Septemba, kwa kawaida katika uwanja wa MCG jijini Melbourne. Mchezaji haipati kwa kuwa kwenye klabu bingwa. Anaipata kwa kuwa kwenye kikosi cha siku ya fainali kuu ya AFL, ligi ya juu ya mpira wa kanuni za Kiaustralia, ambao si soka. Aliyecheza msimu mzima kisha nyama za paja zikachanika wiki moja kabla ya fainali hupanda jukwaani, akipanda, kama mgeni wa wenzake.

Tathmini hii inaipima medali hiyo kama inavyopimwa huduma yoyote: inaahidi nini, inatoa nini, na inakwama wapi. Inahusu utaratibu ulivyotumika kwenye fainali za miaka ya karibuni, hasa 2016 hadi 2024.

Tuanze na utoaji, kwa sababu hapo AFL haina mpinzani. Katika miaka hiyo timu ilikuwa na watu 18 uwanjani na 4 wa kupokezana, jumla 22. Kuanzia 2021 akaongezwa wa 23, mchezaji wa akiba. King'ora cha mwisho kikilia, majina yanasomwa moja moja, na kila mchezaji anavishwa medali na mtoto kutoka Auskick, mpango wa kufundisha watoto mchezo huo. Mchezaji bora wa fainali anapata medali ya Norm Smith, iliyoanza 1979. Kocha bingwa anapata ya kwake, ya Jock McHale. Kombe linainuliwa na nahodha pamoja na kocha. Hakuna foleni ya viongozi wanaojipachika kwenye picha, hakuna anayevishwa ambaye jina lake haliko kwenye karatasi. Kwa usafi wa shughuli, 9 kwa 10.

Tatizo liko kwenye karatasi yenyewe.

Chukua 2019. Richmond waliifunga GWS (Greater Western Sydney) pointi 114 kwa 25. Wiki moja kabla, kwenye mechi ya kuingia fainali, Jack Graham alikuwa ameteguka bega. Nafasi yake akapewa Marlion Pickett, ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya AFL maishani mwake. Alianza siku hiyo, akacheza vizuri sana, akavishwa medali. Hakuna mwenye akili atakayesema Pickett hakustahili. Lakini hesabu ndiyo hiyo: mechi moja, medali moja, na Graham, aliyesaidia kuifikisha timu pale, sifuri.

2024 ikajirudia. Oscar McInerney wa Brisbane Lions aliteguka bega kwenye mechi ya kuingia fainali, Darcy Fort akachukua nafasi, Brisbane wakaipiga Sydney 120 kwa 60, Fort akarudi nyumbani na medali. Mwaka 2018 West Coast waliwashinda Collingwood kwa pointi 5 bila Nic Naitanui, aliyekatika kano ya goti Julai, na bila Brad Sheppard, aliyeumia nyama za paja mwanzoni mwa mechi za mtoano. Mwaka 2023 Collingwood nao wakachukua kombe kwa tofauti ya pointi 4, Taylor Adams na Dan McStay wakiwa majeruhi. Karibu kila bingwa ana majina yake mawili matatu ya namna hii. Mchezo ni wa kugongana kwa robo nne, kila robo dakika 20 za mpira bila kuhesabu visimamo, kwa zaidi ya miezi sita. Hauchezeki bila majeruhi, kwa hiyo zawadi inayowasahau majeruhi ina kasoro tangu inapobuniwa.

Utetezi wa kawaida wa AFL na mashabiki wengi wa zamani ni kwamba medali ni ya waliocheza fainali, basi. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu hadi 2021. Mwaka huo ligi ilileta akiba wa kitabibu, anayeingia tu mwenzake akiumia. Melbourne Demons walipoifunga Western Bulldogs 140 kwa 66, kule Perth kwa sababu ya korona, akiba wao James Jordon alikaa benchi mwanzo hadi mwisho. Alivishwa medali. Ni sawa kabisa, kijana alikuwa tayari kuingia wakati wowote. Ila tangu siku hiyo kauli ya “waliocheza” haifai tena. Sahihi ni “waliopangwa”. Na mstari ukishasogezwa mara moja kwa busara, hauwezi kutetewa tena kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni. Kwenye timu hiyohiyo, Nathan Jones, aliyeitumikia Melbourne kwa mechi 302 na wakati fulani akiwa nahodha, alikuwa amerudi nyumbani kumsubiri mkewe ajifungue mapacha, na hakupata medali.

Kesi inayotajwa kuliko zote ni ya 2016. Western Bulldogs hawakuwa wamechukua ubingwa tangu 1954. Nahodha wao, Bob Murphy, alikatika kano ya goti raundi ya tatu tu, na msimu ukaenda bila yeye. Timu ikamaliza ya saba, ikashinda mechi nne za mtoano mfululizo, ya mwisho dhidi ya Sydney 89 kwa 67. (Sydney nao walikuwa na pengo: Aliir Aliir, beki aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, aliumia goti mechi moja kabla.) Jukwaani, kocha Luke Beveridge alimwita Murphy, akaivua medali yake ya Jock McHale na kumvisha. Picha hiyo imezunguka dunia nzima. Kisichosemwa sana ni kwamba Murphy aliirudisha. Kwa maneno mengine, kocha alilazimika kuziba kwa mkono wake tundu lililoachwa na ligi, na aliyezibiwa hakuona kwamba kile kilikuwa chake.

Hapo ndipo wengi wanaodai medali kwa kikosi kizima wanapoteleza. Wanadhani waliokosa fainali wanataka medali ileile. Wengi hawaitaki. Mchezaji anajua kilicho ndani ya kabati lake. Medali ya fainali ina thamani kwa sababu ni 23 tu kwa mwaka. Ukitoa 45 siku hiyo, wale 23 wamepunguziwa, na wale 22 waliobaki wamepewa kitu ambacho wenyewe wataona haya kukivaa.

Wenzao wanafanyaje? Ligi Kuu ya England inampa klabu bingwa medali 40. Aliyecheza mechi 5 au zaidi kati ya 38 anapata kwa haki yake. Kabla ya msimu wa 2012/13 ilikuwa mechi 10. Zinazobaki klabu inagawa itakavyo, kwa kocha, wasaidizi, na kipa wa tatu aliyepigiwa mipira mazoezini mwaka mzima. Ubora wa utaratibu huu ni kwamba namba haiulizi sababu. Uliumia, ulifungiwa, kocha alikuchoka, yote sawa. Walichohesabu ni mechi. Udhaifu wake ni kwamba ligi ile haina fainali, hivyo hauwezi kubebwa mzima mzima hadi Australia. Mpe Pickett kigezo cha mechi 5 uone: shujaa wa 2019 anakosa medali.

FIFA ndio waliokosea kama AFL, kisha wakajirekebisha. Hadi Kombe la Dunia la 1974 medali zilikuwa za wachezaji 11 waliomaliza fainali uwanjani. Pelé mwenyewe aliumia mechi ya pili ya mwaka 1962, Brazil ikachukua kombe bila yeye fainalini, akakosa medali. Jimmy Greaves wa Uingereza alichanika mguu dhidi ya Ufaransa mwaka 1966, Geoff Hurst akaingia badala yake, akafunga mabao matatu kwenye fainali waliyoshinda, na Greaves akabaki bila medali. Mwaka 2007 FIFA iliamua kuwapa medali wanakikosi wote wa zamani. Greaves alivishwa yake London mwaka 2009, miaka 43 baadaye, na mwaka 2014 iliuzwa mnadani kwa pauni 44,000. Wanaosema medali ni mapambo tu waiangalie hesabu hiyo tena.

AFL haiwezi kusema kurudi nyuma hakuwezekani. Medali ya Jock McHale ilianza kutolewa 2001, na makocha mabingwa wa tangu 1950 wakapewa zao kwa kurudishiwa.

Basi kinachofaa ni nini? Medali ya fainali ibaki kama ilivyo, kwa 23, jukwaani, bila kuguswa. Pembeni yake iwepo ya pili, medali ya msimu, yenye umbo na utepe tofauti ili asitokee wa kuichanganya na ile. Kigezo: nusu ya mechi zote za klabu msimu huo, za ligi na za mtoano kwa pamoja, ukikata desimali kwenda chini. Richmond wa 2019 walicheza 25 (22 za ligi na 3 za mtoano), kwa hiyo mechi 12 zingetosha. Brisbane wa 2024 walicheza 27, kigezo kinakuwa 13. Anayetimiza kigezo anapata hata kama alicheza fainali. Hivyo hakuna kundi la “waliohurumiwa” na kundi la mabingwa. Kanuni iandikwe kabla ya raundi ya kwanza, si Oktoba, na iseme wazi kama akiba ambaye hakuingia anahesabiwa. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa: mwezi wa tatu hakuna anayejali kipengele hicho, mwezi wa tisa mtu mwenye mechi 11 na nyingine mbili za benchi anapiga simu kwa wakala wake.

Jaribu kigezo hicho kwa kesi halisi. McInerney anapita bila swali. Derek Kickett wa Essendon, aliyecheza kila mechi ya 1993 kisha kocha Kevin Sheedy akamwacha kwenye fainali, anapita pia. Essendon walishinda, Kickett akaihama klabu, na jeraha lile linasimuliwa hadi leo. Andrew Gaff wa West Coast anapita, na hapa watu watanuna. Agosti 2018 alimpiga ngumi Andrew Brayshaw wa Fremantle, akamvunja taya, akafungiwa mechi 8 na kukosa fainali. Rai yetu: apewe. Adhabu yake ilikuwa kufungiwa na aliitumikia. Kanuni ya medali ikianza kupima tabia, kesho itabidi ipime nani alichelewa mazoezini.

Murphy je? Hapiti. Mechi 3 kati ya 26. Hapitishwi hata na kigezo cha Waingereza cha mechi 5. Mtu ambaye jina lake linatumika kudai mabadiliko ndiye ambaye namba yoyote ya haki ingemwacha nje. Alex Rance wa Richmond, aliyeumia goti raundi ya kwanza ya 2019, naye vilevile. Ndiyo maana klabu inahitaji akiba ndogo ya medali za hiari, tuseme tatu, zisizo na masharti. Zikizidi hapo zitaishia kwa wajumbe wa bodi. Tunasema hivyo tukijua bodi za michezo zilivyo, kule na huku kwetu.

Mahali pa kutolea ni usiku wa tuzo za mchezaji bora wa klabu, unaofanyika muda mfupi baada ya msimu. Ukizipeleka jukwaani siku ya fainali utarefusha sherehe na kumweka majeruhi mbele ya kamera akiwa na magongo, akilazimishwa kutabasamu. Jina na idadi ya mechi zichongwe nyuma ya medali. “Mechi 21” kwenye chuma ni utetezi tosha kwa yeyote atakayeuliza ulifanya nini mwaka ule.

Alama kwa hali ilivyo: utoaji 9, haki 4, uwazi wa kanuni 7, maana kila mtu anajua anachokosa na kwa nini. Kwa jumla 6 kwa 10.

Likija suala la kurudi nyuma, kumbukumbu za nani alicheza mechi ipi zipo kwa misimu yote tangu ligi ilipoanza 1897 kwa jina la VFL, hivyo hesabu ni kazi ya karani na wiki chache. Kabla ya kuchonga chochote, kila mhusika aliye hai aandikiwe barua aulizwe kama anaitaka. Wapo watakaojibu siku hiyohiyo, na wapo watakaofanya kama Murphy.