Uzoefu wangu na dawa ya kuua sangari kwenye bustani ya nyumbani, Uyole Mbeya

Naandika hii kwa ajili ya mtu mwenye kabustani nyuma ya nyumba anayehangaika na sangari, lile jani sugu linalotambaa, maana mimi imenichukua misimu mitatu kujua vitu ambavyo ningeambiwa siku ya kwanza ningeokoa hela na mgongo wangu.

Nipo Uyole. Nyuma ya nyumba nina eneo kama hatua 25 kwa 15, napanda chainizi, figili, maharage, viazi mviringo, na kuna miche minne ya parachichi. Tulivyohamia kulikuwa na kijani kibichi kinapendeza kweli, kumbe yote ile sangari imetandaza. Nikalima kwa jembe la kawaida nikapanda, wiki ya tatu imerudi, na imerudi nyingi kuliko ilivyokuwa. Sangari inatembea chini kwa chini, ina ile mizizi myeupe mirefu yenye vifundo vifundo, ukikata kipande chenye kifundo kimoja tu kikabaki kwenye udongo kinaota. Kwa hiyo kila nilivyokuwa nalima nilikuwa naikatakata na kuisambaza mwenyewe.

Kilichonifanya nitafute dawa ni viazi. Msimu wa pili nimevuna, nimekaa jikoni namenya, nakuta kiazi kina katundu kadogo upande huu na kengine upande wa pili, nikakipasua katikati nikakuta mzizi wa sangari umepita ndani moja kwa moja kama sindano ya kushonea magunia, ncha yake ngumu ya njano imetokeza, na nyama ya kiazi pembeni ya ule mzizi imeshakuwa kahawia. Kwenye ndoo moja nilihesabu tisa vya hivyo. Nilisikia uchungu, viazi nimevihudumia tangu mbegu, nimepalilia mara tatu, alafu jani linakuja kuvitoboa chini huku silioni. Mpaka siku hiyo nilikuwa sitaki dawa ya kuua majani ikanyage nyumbani kwangu kwa sababu ya watoto na kuku.

Nikashuka Mwanjelwa, nikaingia duka moja la pembejeo nikamwambia muuzaji kaka nina sangari nipe dawa. Hakuniuliza ipo wapi, imeota vipi, nimepanda nini, akanipa chupa akasema hii kiboko, kesho kutwa unakuta pamekauka. Na kweli siku ya pili majani yalikuwa yamekauka kama yamemwagiwa maji ya moto, nilifurahi sana nikampigia simu mume wangu yuko safari nikamwambia tumemaliza. Siku ya kumi na mbili vichipukizi vimejaa kila mahali, vya kijani, vizima kabisa.

Aliyenitoa gizani ni bwana shamba aliyekuja kwa mama jirani kumwangalizia parachichi zake. Nikamwita nikamwonyesha. Akaniuliza, "Dada, dawa uliyopewa kiungo chake ni nini?" Nikabaki namwangalia, nikaenda kuchukua chupa, akaigeuza akasoma yale maandishi madogo chini ya jina kubwa, akasema, "Hii imeinyoa tu dada, haijaing'oa." Akanielewesha kwamba kuna dawa zinazounguza pale zilipogusa basi, na kuna zinazoingia kwenye jani zikasafiri ndani ya mmea mpaka kwenye mizizi. Kwa jani linaloishi chini kama sangari unahitaji hiyo ya pili. Jina kubwa la dukani lisikubabaishe, angalia kiungo. Cha kutafuta ni glaifoseti, huku mtaani wengi wanaiita Roundup hata kama chupa ina jina lingine kabisa. Mimi nilipata ya 480, yaani gramu 480 za kiungo kwa lita, lita moja shilingi 17,000.

Sasa naomba hapa usome taratibu kwa sababu ndo penye siri yote. Mimi nilikuwa nimeshaita kijana afyeke kwanza ndo tupige dawa, nikiamini inaingia vizuri pakiwa pasafi. Bwana shamba akakataa katakata. Dawa hii inaingilia kwenye majani mabichi, ukifyeka umeondoa mlango. Akasema iache iote mpaka ifike urefu wa kiganja cha mkono hivi, ina majani mengi, inakua kwa nguvu, hapo chakula kinashuka kwenye mizizi na dawa inashuka nacho. Kwa hiyo nikakaa karibu mwezi mzima naangalia sangari inastawi kwenye bustani yangu nisiiguse, na majirani wakipita wananiona nimekuwa mvivu. Ilikuwa ngumu lakini ndo iliyofanya kazi ikubali.

Tulipiga mwishoni mwa Aprili, mvua zimeanza kupungua na baridi ya Juni haijaingia. Maji yawe safi, usichote ya mtaroni yenye tope, maana glaifoseti inashikana na udongo na ikishashikana nguvu imeisha, ndo maana pia haikuzuii kupanda baadae. Kibandiko cha chupa yangu kilisema mililita 200 kwa bomba la kupulizia la lita 16 kwa majani sugu, nilipima kwa kikombe chenye alama, sio kwa kukadiria na kifuniko. Soma cha chupa yako kwa sababu zinatofautiana. Na isinyeshe kwa saa kama sita baada ya kupiga, kwa Mbeya ya Aprili hilo ni la kuangalia wingu na kusali.

Kasoro kubwa niliyoipata haikuwa ya dawa, ilikuwa ya mpigaji. Nilimkodi kijana mwenye bomba la mgongoni, 5,000 kwa bomba moja. Tulikubaliana asubuhi, akaja saa kumi jioni, upepo umeshaanza, na badala ya kuinamisha mpira karibu na majani akawa anapiga juu juu kama anapulizia nyanya. Nilimwambia kaka shusha, akasema usijali dada nimezoea. Mimi nilitakiwa kumsimamisha pale pale na sikumsimamisha. Baada ya wiki mistari miwili ya maharage ya mama jirani iliyokuwa karibu na uzio ikaanza kuwa njano kwenye vile vijani vya juu vichanga, ikadumaa, haikuweka ua. Glaifoseti haichagui, ikigusa kijani inaua kijani. Nikaenda kwake, "Shikamoo mama, naomba nikuonyeshe kitu," nikampeleka mwenyewe kwenye maharage kabla hajaniuliza, nikamweleza, nikamlipia mbegu na kibarua cha kupanda upya. Alikaa kimya muda mrefu alafu akasema, "Bora umekuja mwenyewe mwanangu." Bado linaniuma. Kama unakodi mtu, kaa naye mwanzo mpaka mwisho, na kama majani ya mti hayajatulia mwambie arudi kesho, hata akinuna.

Marudio nilipiga mwenyewe. Nilisubiri mpaka saa tatu asubuhi, umande umekauka, maana majani ya huku asubuhi yanakuwa yameloa chapachapa na dawa inateleza inaishia chini. Upande wa uzio nikasimamisha bati la zamani likae kati ya sangari na maharage. Karibu na miche ya parachichi sikupuliza kabisa, nilivaa glavu nzito za mpira, nikalowesha sponji kwenye dawa nikalikamua lisidondoshe, nikapaka jani kwa jani. Inachosha lakini mche hata mmoja haukuguswa.

Matokeo yalikuja polepole. Siku ya nne hamna kitu, na ukizoea zile za kuunguza unaona umeibiwa. Siku ya tisa rangi imeanza kupauka. Wiki ya tatu imekuwa kahawia, na huku kwetu penye baridi inachelewa kuliko wanavyosema watu wa joto. Usiguse jembe kabla ya wiki mbili, iache ishuke. Nilipofukua nikavuta mzizi mmoja, zamani ulikuwa mweupe unavutika kama kamba ya katani, safari hii ulikuwa wa kahawia, ndani kumenywea, nikiukunja unakatika kwa vidole viwili. Nilikaa pale chini na ule mzizi mkononi kwa muda. Sehemu kama asilimia 80 ya bustani ilikuwa hivyo. Iliyobaki ilichipua, nikaisubiri ikue tena, nikairudia mwezi wa tano mwishoni, alafu vijipande vilivyobaki nikavitoa kwa jembe uma. Jembe la kawaida sikutumia tena, linakata mizizi, uma unaiinua mizima.

Kwa ndago, jani lingine sugu, niseme ukweli, sijaridhika. Kona ya tenki la maji nina ndago, na chini yake kuna vile vitunguu vidogo vyeusi vimeungana kama shanga. Dawa inaua cha juu na vitunguu vilivyounganika na majani ya wakati huo, ila vile vilivyolala vinaamka baadae. Nimepiga mara tatu, imepungua lakini ipo. Kuna mtu alinishauri nifunike kwa nailoni nyeusi, nikafunika, ikatoboa nailoni ikatokeza kwa juu, ncha yake ni kali kama msumari. Kwa sasa naifukua kwa mkono na koleo dogo kila Jumamosi kabla haijafikisha majani matano, naweka kwenye ndoo, siitupi kwenye mboji.

Kuhusu usalama. Mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu, na mamlaka nyingine zikasema ikitumiwa kwa maelekezo hatari hiyo haionekani, mabishano yapo mpaka leo. Mimi nina watoto, nimechagua kuwa mwoga. Gamubuti, glavu, barakoa, nguo za mikono mirefu ambazo nazifua peke yake. Kuku tuliwafungia, watoto wakaenda kwa bibi yao Igurusi siku mbili. Chupa ikiisha isuuze mara tatu, maji yake yarudishe kwenye bomba upige, alafu itoboe kwa msumari, kwa sababu huku chupa ya lita yenye kifuniko kizuri haikai, mtu ataiokota aweke mafuta ya kupikia au maziwa. Na ukinunua angalia lakiri kama haijafunguliwa, maelezo yawepo kwa Kiswahili, na namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, TPHPA. Ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji usinunue hata wakikupa kwa 3,000.

Gharama yangu: dawa 17,000, kijana 10,000 kwa mabomba mawili, glavu na barakoa 9,000, na maharage ya mama jirani 15,000. Vibarua wa kupalilia walikuwa wanakula zaidi ya hapo kila msimu. Dawa yenyewe kwa sangari naipa nyota nne, kwa ndago mbili. Ile ya kwanza ya kuunguza kwa kazi hii haina nyota.

Viazi vya msimu huu nimevuna wiki iliyopita, magunia mawili kasoro, nimemenya ndoo nzima nimekuta kimoja tu kimetobolewa, kilitoka mstari wa mwisho karibu na uzio. Pale kwenye uzio nimechomeka kijiti, sangari inatokea upande wa barabarani. Dawa imebaki kama robo lita, ipo stoo juu kabisa na nimefunga kufuli, nasubiri Novemba mvua zianze nione imechipua mpaka wapi.