Baiskeli ya mtumba ya Majengo: miezi minne na baibui

Nimeinunua kwenye duka moja la baiskeli za mtumba karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma. Ni ile ya kike ya Kijapani: kikapu mbele, gia tatu, taa ya dainamo. Kila siku naendesha kutoka Nkuhungu hadi kazini Makole, dakika ishirini na tano upepo ukiwa mgongoni. Ukiwa usoni, usiniulize.

Niliichagua kwa sababu ya kava la cheni. Mwenye kuvaa baibui anajua: cheni ikishika pindo, unashuka kabla hujataka kushuka. Hii imefunikwa yote, na miezi minne sasa haijanichania hata uzi.

Muuzaji alinitazama, akasema, "Dada, si uchukue bajaji tu?" Nikamsimulia habari za Masomah Ali Zada, mwendesha baiskeli. Binti wa Kihazara, kabila moja la Afghanistan, utoto wake ameupitisha ukimbizini Iran, na huko ndiko alikojulia baiskeli. Waliporudi Kabul akaingia barabarani na wasichana wenzake, wakawa wanarushiwa mawe na matusi. Mwaka 2017 akapata hifadhi Ufaransa, akasomea uhandisi wa ujenzi Lille. Julai 2021 akashindana Olimpiki ya Tokyo na timu ya wakimbizi, kilomita 22 peke yake dhidi ya saa, kitambaa kichwani chini ya helmeti.

"Akawa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Akacheka mpaka akakalia tairi. Nikamwambia ngoja, sijamaliza: Paris 2024 huyo wa mwisho ndiye aliyekabidhiwa kuongoza msafara wa timu ya wakimbizi, wanamichezo 37. Hapo laki mbili ikawa laki na themanini. Sijui ni heshima kwa Masomah au alitaka tu niondoke.

Sasa lawama. Breki ya nyuma ililia kama mbuzi tangu siku ya kwanza. "Itazoea," aliniambia. Haikuzoea, fundi wetu chini ya mwarobaini alibadilisha raba zake kwa elfu tatu, ikanyamaza. Kubwa zaidi ni tairi la nyuma. Liling'aa kama jipya, kumbe limepakwa dawa ya viatu kufunika nyufa. Na miba ya migunga ya Dodoma haidanganywi na dawa ya viatu: pancha tatu mwezi wa kwanza, ya tatu usiku, nikaisukuma hadi nyumbani huku bodaboda wakinipigia honi. Ukienda dukani, sugua tairi kwa kitambaa cheupe kabla hujataja bei.

Hata hivyo ningeinunua tena, ila kwa laki na nusu. Gia ya kwanza inapanda kilima bila kunung'unika, na kikapu kinabeba madaftari ya darasa zima. Kiti ni kigumu. Nimekifunga kipande cha khanga, tena upande wenye maandishi nimeugeuza chini, maana yalikuwa yananisema mimi.